Kocha wa mechi saba: Pamba Jiji na uamuzi wa Oktoba 2024

Mwezi Oktoba 2024, baada ya mechi saba za Ligi Kuu ya Tanzania Bara bila ushindi hata mmoja, uongozi wa Pamba Jiji, klabu ya Mwanza, uliachana na kocha wake, Mserbia Goran Kopunović, na kumkabidhi timu Fred Felix Minziro. Msimu ulipokwisha katikati ya mwaka 2025, Pamba ilikuwa bado Ligi Kuu. Kwa mashabiki wengi wa Mwanza habari iliishia hapo: kocha alishindwa, kibarua kikaota nyasi, timu ikapona. Ninaona kisa hiki kinastahili kuchambuliwa upya kwa utulivu, kwa sababu timu kupona baada ya kocha kuondoka si ushahidi kwamba ilipona kwa kuwa kocha aliondoka, na kwa sababu klabu zetu za Kanda ya Ziwa zitaendelea kukutana na uamuzi wa namna hii karibu kila msimu. Msimamo wangu ni kwamba uamuzi wa Oktoba unaweza kutetewa, lakini kwa sababu tofauti na ile iliyotajwa zaidi mitaani, na kwamba kosa kubwa lilikuwa limeshafanyika miezi mitatu kabla, Kopunović alipoajiriwa.

Ili kuelewa kwa nini mechi saba zilionekana kuwa nyingi, ni lazima kukumbuka uzito wa jina lenyewe. Pamba, TP Lindanda, wana Kawekamo, ni timu ambayo katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 ilizipa Simba na Yanga usingizi wa mang'amung'amu. Hapo ndipo walipopita George Masatu, Fumo Felician na Khalfan Ngassa, baba wa Mrisho Ngassa. Timu ilishuka daraja mwaka 2001, ikakaa nje ya Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka ishirini, na ikarejea mwaka 2024 ikiwa chini ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Kijana aliyezaliwa mwaka iliposhuka alikuwa mtu mzima siku iliporudi. Matumaini yaliyolimbikizwa kwa muda huo wote hayawezi kupimwa kwa kipimo cha kawaida cha timu iliyopanda daraja, ingawa kiufundi Pamba ilikuwa hivyo tu: timu iliyopanda daraja.

Kulikuwa pia na hofu, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Toto Africans, nayo ya Mwanza, ilishuka mwaka 2017. Mwaka 2020 Mwanza ilipoteza timu mbili kwa mpigo, Alliance kwa kushuka moja kwa moja na Mbao kwa kutolewa na Ihefu katika mechi za mtoano, na tangu hapo jiji likakaa miaka minne bila timu ya Ligi Kuu. Mtu anayeuza jezi, mwenye mgahawa karibu na Uwanja wa CCM Kirumba na dereva wa bodaboda anayesubiri watu watoke uwanjani wote walijua maana ya miaka hiyo minne. Kwa hiyo mashabiki walipopiga kelele mwezi wa kumi, hawakuwa watu wasio na subira wanaodai ubingwa. Walikuwa wameshaziona timu zao zikiondoka moja baada ya nyingine, na walizijua dalili.

Sasa turudi Julai. Kocha aliyeipandisha Pamba alikuwa Mbwana Makata, Mtanzania anayeifahamu vizuri ligi ya Championship, iliyo ngazi moja chini ya Ligi Kuu, na aina ya wachezaji wanaopatikana huko. Hakuendelea kuwa kocha mkuu. Klabu ilimchukua Kopunović, ambaye wasifu wake haukuwa mdogo: aliwahi kuifundisha Simba mwaka 2015 na kutwaa nayo Kombe la Mapinduzi mwezi Januari mwaka huo, aliwahi pia kufanya kazi Rwanda, na msimu wa 2023/24 alikuwa na Tabora United. Hakuwa mgeni asiyejua jua la Afrika Mashariki. Wakati huohuo kikosi kilibadilishwa kwa kiasi kikubwa, kama zinavyofanya karibu timu zote zinazopanda, kwa hoja kwamba wachezaji wa daraja la chini hawatafaa juu. Kwa maneno mengine, katika wiki chache za maandalizi klabu ilibadilisha benchi la ufundi, ikabadilisha wachezaji wengi na ikabadilisha ligi. Mambo matatu yakibadilika kwa wakati mmoja, timu ikianza vibaya hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni lipi kati ya hayo limesababisha.

Mechi zenyewe zilionyesha nini? Pamba ilianza nyumbani kwa suluhu dhidi ya Tanzania Prisons mwezi Agosti. Ilikwenda kwa Azam mwezi Septemba ikatoka suluhu pia, matokeo ambayo timu nyingi zingeyafurahia. Katika mechi hizo saba, sare zilikuwa nyingi kuliko vipigo. Kipigo kilichoumiza zaidi kilikuwa cha mabao manne kwa bila kutoka kwa Yanga mwanzoni mwa Oktoba, lakini Yanga ya msimu ule iliwafunga wengi na hatimaye ikawa bingwa, hivyo ni vigumu kumhukumu kocha yeyote kwa mechi hiyo peke yake. Anayeitazama orodha hii bila kujua jina la timu ataona timu iliyojipanga vizuri kuzuia na isiyojua kufunga.

Tofauti hiyo ni ya msingi. Timu inayofungwa ovyo kila wiki mara nyingi ina tatizo la mpangilio, yaani nani anamkaba nani, mabeki wanasogea lini, kiungo anarudi wapi mpira unapopotea, na hayo ni mambo ya kocha kwa asilimia kubwa. Timu isiyofungwa sana lakini isiyofunga inaweza kuwa na tatizo la kocha, lakini pia inaweza kuwa haina mfungaji. Mshambuliaji wa kati aliyepokea mpira mrefu huku akiupa mgongo lango, akageuka kutafuta msaada na kukuta viungo bado wako mita thelathini nyuma yake, anarudisha mpira kwa beki na jukwaa linazomea. Picha ile ilirudiwarudiwa Kirumba. Je, viungo walibaki nyuma kwa sababu kocha aliwaamuru, au kwa sababu hawakuwa na mapafu ya kupanda na kurudi kwa dakika tisini? Jibu la kwanza linamgusa kocha. La pili linamgusa aliyesajili na aliyepanga muda wa maandalizi, na hakuna kocha mpya anayeweza kulitatua kwa wiki moja. Uongozi makini ungeliuliza swali hilo kwa mazoezi yaliyorekodiwa na kwa vipimo vya utimamu wa mwili kabla ya kuandika barua ya kuvunja mkataba.

Mashabiki husema kwamba kocha mpya huleta "upepo mpya", na mara nyingi huonekana kuwa sahihi. Timu hufukuza kocha ikiwa katika kipindi kibaya kuliko hali yake halisi. Baada ya mechi saba bila ushindi, uwezekano mkubwa ni kwamba saba zinazofuata zitakuwa nafuu hata kama benchi halikuguswa, kwa sababu bahati mbaya haidumu, ratiba hubadilika na waliokuwa majeruhi hurejea. Mchumi Bas ter Weel alilichunguza jambo hili kwa misimu ya Ligi Kuu ya Uholanzi kati ya 1986 na 2004, akazilinganisha timu zilizofukuza kocha na timu zilizopita katika mdororo uleule bila kumfukuza. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na waliofukuza hawakuwazidi wenzao. Uholanzi si Mwanza, na ligi yao ina fedha, viwanja na madaktari ambavyo sisi hatuna. Hata hivyo mantiki ya utafiti ule haitegemei utajiri wa ligi. Ili kujua kama dawa imefanya kazi, lazima umtazame pia mgonjwa mwenye ugonjwa huohuo ambaye hakuinywa.

Huku kwetu wagonjwa hao wawili wapo. Ng'ambo ya ziwa, Kagera Sugar ya Bukoba ilipitia msimu huohuo wa 2024/25 na ilifanya kilekile ambacho Pamba ilifanya: ilimwondoa Paul Nkata mapema, ikamleta Melis Medo, na msimu ukaisha timu ikiwa mikononi mwa Juma Kaseja. Ilishuka daraja, pamoja na KenGold. Kama kubadilisha kocha kungekuwa tiba yenyewe, Uwanja wa Kaitaba wa Bukoba ungeendelea kupokea Ligi Kuu. Kwa upande mwingine, Mbao ya msimu wa 2016/17, ikiwa mgeni katika ligi, iliishi na hofu ya kushuka mpaka raundi ya mwisho. Ilibaki na Etienne Ndayiragije, ikaifunga Yanga bao moja kwa bila pale Kirumba siku ya mwisho na kupona, na msimu huohuo ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania dhidi ya Simba. Kocha huyo baadaye akaifundisha Taifa Stars. Mfano wa Mbao nao usichukuliwe kuwa sheria, kwani zipo timu zilizomng'ang'ania kocha mpaka zikazama naye. Hata hivyo unatosha kuonyesha kwamba subira ilikuwa chaguo lililowahi kujaribiwa katika uwanja huohuo, na wazee wa mpira wa jiji hili wanalikumbuka.

Wapo wanaotaja Azam, ambayo mapema msimu huohuo iliachana na Yusuph Dabo na kumleta Rachid Taoussi, ikamaliza ya tatu. Mfano huo haufai. Azam ilikuwa na kikosi kilichokwisha kujengwa kwa miaka, chenye wachezaji ambao timu nyingine zingewapokea kwa mikono miwili, kwa hiyo kocha mpya alikuta vifaa mezani. Pamba ilikuwa bado inatafuta meza. Vilevile hoja ya Alex Ferguson, aliyekaa Manchester United tangu 1986 hadi 1990 kabla ya kupata kombe la kwanza, haisaidii chochote hapa. Timu inayopigania kubaki ligini ina mechi thelathini tu za kujinasua, na subira ya miaka minne si jambo inaloweza kulifikiria.

Gharama ya uamuzi huu haizungumzwi inavyostahili, na hapa nitakaa kidogo. Pamba Jiji haina mfadhili binafsi wa kutoa hundi na kusahau. Nyuma yake kuna halmashauri, na fedha ya halmashauri ni ushuru wa masoko, leseni za biashara na maegesho, yaani jasho la wakazi ambao wengi wao pia ni mashabiki. Kocha wa kigeni anapoondolewa kabla ya mkataba kwisha bila sababu ya haki, ana njia ya kudai. Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zina sehemu maalumu ya mikataba ya makocha, na kwa kawaida fidia huanzia kwenye thamani ya mkataba uliobaki. Klabu ikipuuza hukumu, FIFA inaweza kuizuia kusajili wachezaji wapya mpaka ilipe, na rufaa huishia kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kule Lausanne, mahali ambapo hata nauli ya wakili ni tatizo kwa klabu zetu. Ni kwa sababu hii taarifa nyingi za klabu husema pande zote mbili "zimefikia makubaliano". Makubaliano hayo yana bei, na bei hiyo ilitakiwa kuwekwa mezani kabla ya kikao kuamua, ikilinganishwa na kitu kingine kinachoweza kununuliwa kwa fedha hiyohiyo. Mshahara wa miezi sita wa kocha asiyekuwapo tena unaweza kuwa mshahara wa mshambuliaji.

Na matokeo hafifu peke yake ni nadra kuhesabiwa kuwa sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Hapa ndipo ninaporudi Julai. Mkataba ungeweza kusema wazi: timu ikiwa katika nafasi nne za mwisho baada ya mechi kumi, klabu inaweza kuachana na kocha kwa kumlipa mishahara ya miezi kadhaa iliyotajwa. Nafasi nne, kwa sababu kwenye ligi ya timu 16 wa mwisho wawili hushuka moja kwa moja na wa 13 na wa 14 huingia mtoano. Kifungu cha namna hiyo kingemlinda kocha dhidi ya hasira za wiki moja, kingeilinda klabu dhidi ya madai, na kingewapa mashabiki jibu: tumekubaliana kupima baada ya mechi kumi, tusubiri. Kigezo kisipokuwapo kwenye karatasi, kinachobaki ni sauti ya jukwaa na simu za wakubwa. Klabu ya halmashauri ina wakubwa wengi, kila mmoja na maoni yake kuhusu nani aanze kushoto.

Pamoja na hayo yote nimesema uamuzi unaweza kutetewa. Sababu yenye nguvu kuliko zote ilikuwa kalenda, na matokeo ya mechi saba yalikuja nyuma yake. Msimu ule dirisha dogo la usajili lilifunguliwa katikati ya Desemba na kufungwa katikati ya Januari. Ikiwa uongozi ulikuwa umeshapoteza imani na Kopunović, basi kumwacha mpaka Desemba kungekuwa na maana kwamba yeye ndiye angechagua wachezaji wapya, kisha pengine angeondolewa Februari na kumwachia mrithi wake kikosi asichokichagua. Kumwondoa Oktoba kulimpa mrithi wake takribani miezi miwili ya kukitazama kikosi kwa macho yake, kujua nani anatosha na nani hatoshi, na kwenda sokoni akiwa na orodha. Klabu inayokusudia kubadilisha kocha na ikachelewesha mpaka dirisha lifungwe imelipa gharama zote za mabadiliko bila kupata faida yake kuu.

Uteuzi wa Minziro nao ulikuwa wa busara, na kwangu huo ndio ulioutenganisha uamuzi wa Pamba na mabadiliko mengi yanayofanywa kwa hasira. Hakuwa jina la kuwatuliza watu kwa wiki mbili. Alikuwa ameshafanya kazi kandokando ya ziwa hili: ndiye aliyekuwa na Geita Gold ilipomaliza nafasi ya nne msimu wa 2021/22 na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, msimu ambao George Mpole wa timu hiyo alikuwa mfungaji bora wa ligi. Yaani kocha aliyeitwa kutibu ukame wa mabao alikuwa na historia ya kumfanya mshambuliaji wa timu ndogo ya kanda hii awazidi washambuliaji wa Simba na Yanga za Kariakoo na Azam ya Chamazi. Alijua safari za basi, alijua viwanja na aliwajua wachezaji wa hapa. Kama Kopunović angeondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na kocha mwingine mwenye falsafa ya kuijenga timu upya kutoka mwanzo, ningeandika uchambuzi tofauti kabisa.

Mabadiliko hayakuleta miujiza, na ni vizuri kulisema hilo. Simba ilipokuja Kirumba tarehe 22 Novemba, Pamba ilifungwa bao moja kwa penalti ya Leonel Ateba, na timu iliendelea kuhangaika sehemu kubwa ya msimu. Ilipona kidogokidogo, kwa alama moja hapa na tatu pale, huku Kagera na KenGold zikidhoofika zaidi. Mtu mkweli hawezi kuchora mstari kutoka barua ya Oktoba hadi salama ya Juni na kusema hiki kilizaa kile. Anachoweza kusema ni kwamba klabu ilifanya mabadiliko mapema kiasi cha kufaa, ikamchagua mtu anayelingana na tatizo lililokuwapo, na haikumbadilisha tena katikati ya njia kama majirani zake. Hilo la tatu halisifiwi na mtu, wakati huenda ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote.

Msimu wa 2025/26 Pamba iliuanza na kocha mwingine tena, Mkenya Francis Baraza. Aliyeiokoa timu hakuendelea nayo, kama ambavyo aliyeipandisha hakuendelea nayo. Katika kipindi cha zaidi kidogo ya mwaka mmoja, klabu ilikuwa imepita mikononi mwa Makata, Kopunović, Minziro na Baraza, na kila mmoja alikuja na namna yake ya kusajili. Wanachama wanapokutana na uongozi, wana haki ya kuuliza mambo mawili yanayojibika kwa karatasi: mkataba wa kocha unasema apimwe baada ya mechi ngapi na kwa kigezo gani, na ni nani ndani ya klabu, mbali na kocha, anayebaki na kumbukumbu ya kwa nini kila mchezaji alisajiliwa.